Kupata sauti ya oktava na fazi kwenye prosesa ya gitaa: ijenge mwenyewe toka mwanzo

Karibu kila prosesa ya kidijitali, ile mashine ya kubadili sauti ya gitaa, inakuja na priseti (mipangilio iliyohifadhiwa tayari) moja au mbili za fazi yenye oktava, yaani sauti iliyokwaruzwa sana pamoja na noti ileile kwa kimo cha juu au cha chini zaidi. Unaikanyaga kwa hamu, unapiga kordi ya E, na kinachotoka ni nyuki waliofungiwa kwenye debe. Unaipita, unaenda priseti inayofuata, na kuanzia siku hiyo unaamini mashine yako haiwezi. Mimi nilikaa na imani hiyo karibu mwaka mzima. Kumbe mashine ilikuwa ikifanya kazi yake sawasawa, mimi ndiye niliyekuwa nikiilisha chakula isichokiweza: kordi nzima, pikapu ya nyuma (kinasa mtetemo kilicho karibu na daraja), toni imefunguliwa hadi mwisho.

Sauti hii inategemea kinachoingia kuliko unachokiweka kwenye skrini. Kwa hiyo tuanzie kwenye wimbi lenyewe, halafu vidole, halafu ndipo tufike kwenye mashine.

Kwanza, ujue ni oktava ipi unayoitafuta

Kuna oktava za aina tatu, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni ile ya Octavia, pedali ambayo Roger Mayer alimtengenezea Jimi Hendrix, na ambayo inasikika kwenye solo ya Purple Haze ya mwaka 1967. Ndani yake hakuna kinachopima noti wala kukokotoa chochote. Wimbi la gitaa lina kilima na bonde: linapanda juu ya mstari, linashuka chini yake. Transfoma na dayodi mbili zinalichukua lile bonde na kuligeuza kuwa kilima. Palipokuwa na kilima kimoja na bonde moja, sasa pana vilima viwili, na wimbi lenye vilima viwili kwa muda uleule ni noti iliyo oktava moja juu. Ndiyo maana sauti yake ina ukali wa chuma na inayumba kidogo: ni wimbi lilelile limekunjwa. Univox Super-Fuzz na Foxx Tone Machine nazo zinakunja wimbi, kila moja kwa saketi yake.

Ya pili ni ya kidijitali ya kupandisha au kushusha noti, ya ukoo wa DigiTech Whammy iliyotoka mwaka 1989. Hii inachambua sauti na kuijenga upya kwa kimo kingine. Ni safi zaidi na haichagui sana unapiga wapi kwenye shingo ya gitaa, lakini haina ule mkwaruzo.

Ya tatu ni ya kushusha kwa kugawa, kama Boss OC-2 ya mwaka 1982. Saketi inahesabu mawimbi, na kwa kila mawimbi mawili yanayoingia inatoa moja. Inatoa sauti nene inayokaribia sintesaiza, na inachanganyikiwa mara moja ukipiga noti mbili.

Kwenye skrini ya prosesa yako zote zinaweza kuwa chini ya menyu moja iliyoandikwa oktava, au zimetawanyika: ya kwanza kwenye menyu ya distoshi, nyingine kwenye menyu ya kimo. Zisikilize moja moja bila ampli ya kidijitali mbele yake, uzijue kwa sikio kabla ya kuzijua kwa jina.

Pili, gitaa na mkono

Hapa ndipo nitakapokaa kwa muda, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokosea.

Chagua pikapu ya shingoni. Punguza nobu ya toni kwenye gitaa hadi 2 au 3, hata sifuri kama gitaa lako linang'aa sana. Weka sauti ya gitaa kwenye 10. Sasa piga noti moja tu kwenye uzi wa G au B, freti ya 12, na uiache iendelee kulia. Sikiliza kinachotokea baada ya mpigo: kwa sekunde moja hivi ni fazi ya kawaida, halafu oktava inachipuka kutoka ndani yake kama filimbi. Rudia hilohilo kwenye freti ya 3 kwa pikapu ya nyuma, na oktava karibu inapotea.

Sababu yake ni ya kupendeza. Kukunja wimbi kunatoa oktava safi pale tu kilima na bonde vinapofanana kwa umbo. Kinachoharibu mfanano huo ni hamoniki (sauti ndogo za juu zinazoambatana na noti) za shufwa, yaani ya pili, ya nne na kuendelea. Pikapu ya shingoni kwenye magitaa mengi iko karibu na robo ya urefu wa uzi ukihesabu kutoka daraja. Ukibonyeza freti ya 12, uzi unaotetema ni nusu ya ule mzima, na pikapu hiyo sasa iko karibu katikati yake kabisa. Katikati ya uzi ndipo hamoniki za shufwa zinapotulia, kwa hiyo pikapu haizisikii. Wimbi linaingia kwenye mashine likiwa na mizani, na mkunjo unafanya kazi yake bila kikwazo. Kupunguza toni kunamalizia kwa kufuta hamoniki za juu zilizobaki.

Kwa hiyo kaa kati ya freti ya 7 na ya 17, na zaidi karibu na ya 12. Piga karibu na mwisho wa shingo, mbali na daraja. Zima nyuzi nyingine kwa kiganja, kwa sababu uzi mmoja unaotetema bila ruhusa unatosha kuitia oktava kigugumizi.

Vipi ukipiga noti mbili? Mara nyingi ni vurugu, lakini si vurugu ya kubahatisha. Mashine inayokunja inazaa jumla na tofauti ya masafa mawili yaliyoingia. Piga A ya 220 Hz pamoja na E ya 330 Hz, yaani noti ya kwanza na ya tano. Pamoja na oktava zake, 440 na 660, utasikia 550 iliyotokana na jumla na 110 iliyotokana na tofauti. 440, 550 na 660 ni kordi kamili ya A meja, na 110 ni besi yake. Vidole viwili vimetoa kordi yenye besi! Jaribu sasa noti mbili zilizokaribiana, kwa mfano za freti jirani, na utasikia mngurumo wa chini usio na uhusiano wowote na wimbo. Zoezi hili lifanye dakika kumi, utajua ni jozi zipi za kutumia jukwaani na zipi za kukimbia.

Tatu, mlango wa kuingilia

Fazi za zamani, hasa Fuzz Face iliyotoka mwaka 1966, zina impidansi (ukinzani wa umeme) ndogo sana ya kuingilia. Zinailemea pikapu, zinapunguza ukali wa juu, na ndiyo sababu ukipunguza sauti ya gitaa kidogo tu fazi inasafika kama kengele. Prosesa kwa kawaida ina mlango wa 1 MΩ, ambao hauilemei pikapu hata kidogo. Matokeo yake ni fazi yenye makali ya wembe.

Tafuta kwenye mipangilio ya mlango kama mashine yako inaruhusu kubadili impidansi. Kama inaruhusu, ishushe hadi makumi machache ya kΩ, au iache kwenye otomatiki ikiwa bloku (sehemu) ya fazi ndiyo ya kwanza kwenye mnyororo wa bloku zinazofuatana. Kama hairuhusu, weka kisawazishi (EQ) kabla ya fazi na ukate kila kilicho juu ya 4 au 5 kHz. Hutapata tabia yote ya kusafika, ila makali yatatulia.

Angalia pia taa ya kiwango cha kuingilia. Pikapu kali zinaweza kuugonga mlango wa dijitali hadi ukapasuka, na mpasuko huo ni mbaya, haufanani na fazi. Kama kuna swichi ya kupunguza kiwango, itumie.

Nne, mnyororo wenyewe

Futa kila kitu, uanze na priseti tupu. Panga hivi: geti la kelele (linalokata kelele usipopiga), kisha oktava, kisha fazi, kisha ampli, kisha kabineti (mfano wa boksi la spika), na mwisho mwangwi kama unautaka.

Kama mashine yako ina bloku iliyoiga Octavia, oktava na fazi vimo ndani yake. Anza na geini (nguvu ya kukuza sauti) kwenye 6, na kiwango cha kutoka kinacholingana na sauti ya gitaa bloku ikiwa imezimwa. Usiikimbize geini hadi 10. Wimbi lililobanwa sana kabla ya kukunjwa linakuwa bapa juu na chini kama tofali, na ukilikunja tofali, bonde bapa linapanda na kuwa sawa na kilima bapa. Kinachobaki ni mstari ulionyooka wenye vimiba vyembamba. Masikioni hiyo ni oktava iliyokonda, inayokatakata.

Ukitaka unene zaidi, ongeza bloku ya pili ya fazi. Kanuni ninayoifuata ni geini ndogo kabla ya mkunjo, geini kubwa baada yake. Jaribu pia kinyume, fazi kwanza ikiwa na geini ya 3 au 4 halafu oktava, kwa sababu baadhi ya mashine zinatoa oktava inayosikika wazi zaidi kwa njia hiyo. Hapa sikio ndilo hakimu.

Kama mashine haina bloku ya kukunja, tumia ya kupandisha kimo. Iweke kwenye +12, yaani semitoni kumi na mbili, kabla ya fazi. Mchanganyiko uwe asilimia 60 au 70 upande wa oktava, kwa sababu ukiacha nusu kwa nusu, noti ya asili inaitawala fazi na oktava inabaki kivuli. Usiweke bloku hii baada ya fazi: itakuwa inajaribu kuchambua sauti iliyojaa hamoniki kila kona, na itateleza.

Kuhusu aina ya fazi. Fuzz Face ya transista za gerimaniamu ni ya mviringo na laini, ya silikoni ina makali zaidi. Zote mbili zinapokea oktava vizuri. Big Muff ni nene na inalia kwa muda mrefu, lakini nobu yake ya toni inachimba shimo katikati ya masafa, na bendi ikianza kupiga wewe unazama humo. Ukiipenda, pandisha masafa ya kati, kati ya 500 Hz na 1 kHz, kwa desibeli 3 au 4 baada yake. Maestro Fuzz-Tone ya mwaka 1962 ni nyembamba na inakoroma, ninaitumia kwa rifu (vipande vinavyorudiwa) fupifupi tu. Super-Fuzz ina oktava yake tayari, kwa hiyo usiiongezee nyingine juu.

Tano, ampli na kabineti

Kosa la pili kwa ukubwa ni kuiingiza fazi kwenye ampli safi kama maji. Rekodi nyingi za fazi tunazozipenda zilipita kwenye ampli ya valvu iliyokuwa tayari imeanza kukwaruza. Chagua mfano wa Marshall au Fender ya zamani, geini kwenye 4 au 5, uifikishe pale ambapo ukipiga kwa nguvu inakwaruza na ukipiga polepole inakuwa safi. Besi iwe 3 au 4, kwa sababu fazi inaleta besi yake. Trebo 4. Masafa ya kati 7.

Kabineti ni lazima kama unatoka kwenye spika za kawaida, mikseri au hedifoni. Spika ya gitaa haitoi kitu cha maana juu ya 5 au 6 kHz, na bila kikwazo hicho fazi inageuka mchanga kwenye meno. Kata juu kuanzia 5.5 kHz, kata chini ya 90 Hz. Ikiwa unaingia kwenye ampli halisi yenye spika ya gitaa, zima kabineti ya kidijitali, la sivyo utakuwa umevaa kofia mbili.

Sita, kukagua uchafu wa kidijitali

Fazi inazaa hamoniki nyingi kupita kiasi, na oktava inazipandisha maradufu. Mashine inayofanya kazi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde haiwezi kubeba kitu kilicho juu ya 24 kHz. Kinachozidi hapo kinarudi chini, kikiwa noti ngeni isiyokuwemo kwenye wimbo.

Kipimo chake ni rahisi. Nenda uzi wa E mwembamba, freti ya 19 au zaidi, piga, kisha uuvute uzi juu taratibu sana. Noti yako inapanda. Sikiliza nyuma yake: ukisikia mluzi mdogo unaoshuka wakati wewe unapanda, huo ndio uchafu wenyewe. Ukishausikia mara moja utausikia kila siku, samahani kwa hilo.

Dawa yake: washa kiwango cha juu cha ubora kwenye bloku kama kipo, punguza geini, na kata juu kabla ya fazi. Mara nyingi kukata kabla kunatosha.

Saba, geti

Fazi ina kelele hata usipopiga, kwa hiyo utataka geti. Liweke mwanzoni kabisa, lisikilize gitaa likiwa bado safi. Mimi niliwahi kuliweka mwishoni, baada ya mwangwi, nikaenda kupiga hivyo. Noti ya mwisho ya solo, ile niliyoivuta na kuishikilia nikiwa nimefumba macho, ilikatika ghafla kama taa iliyozimwa. Mpiga ngoma alinitazama akidhani nimekata uzi.

Weka kizingiti chini kabisa, kisha kipandishe kidogokidogo mpaka kelele ikatike wakati mkono umetulia, halafu simama hapo. Muda wa kufunga uwe mrefu kiasi, milisekunde 100 hadi 200, ili noti ife yenyewe.

Oktava ya chini

Huu ni mnyororo mwingine, usiuchanganye na ule wa juu kwenye priseti moja. Mpango ni huu: kompresa (inayosawazisha nguvu ya mipigo), oktava ya −1, fazi, ampli, kabineti. Kompresa inasaidia kwa sababu mashine inahitaji noti iliyotulia ili ihesabu vizuri. Uzi wa E mnene unatetema mara 82 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi moja tu linachukua milisekunde 12. Mashine inayotambua kimo inabidi isubiri wimbi moja au mawili kabla ya kujua umepiga nini, na wewe unausikia ule uchelewaji kwenye vidole. Panda juu ya shingo na uchelewaji unapungua: freti ya 7 ya uzi wa A ni E ya 165 Hz, wimbi lake ni milisekunde 6.

Isitoshe, E mnene ikishushwa oktava moja inakuwa 41 Hz, noti ileile ya chini ya gitaa la besi. Ikishushwa oktava mbili ni 21 Hz, ambayo spika ya gitaa haiitoi kabisa, inatikisika tu. Piga rifu kwenye nyuzi za A na D kati ya freti ya 5 na ya 12, noti moja moja, kila moja uizime kabla ya inayofuata. Rifu ya Seven Nation Army ya mwaka 2003, ambayo wengi hudhani ni gitaa la besi, ni Jack White na gitaa la kawaida lililoshushwa oktava moja kwa Whammy. Ukitaka ladha hiyo, mchanganyiko uwe asilimia 100 upande wa oktava, fazi iwe ndogo. Ukitaka ukuta, rudisha noti ya asili hadi nusu na uifungue fazi. Kata chini ya 60 Hz badala ya 90, usije ukaifuta kazi yako mwenyewe.

Kuitayarisha kwa jukwaa

Usiimalizie priseti hii kwa hedifoni usiku. Kwa sauti ndogo sikio linapunguza besi na trebo, utaziongeza, na kesho kwa sauti kubwa utakuwa na ngurumo na wembe kwa pamoja. Tena fazi inategemea spika kulirudishia gitaa mtetemo, ndipo noti inapoendelea kulia bila kufa. Irekebishe kwa sauti utakayopigia, ukiwa umesimama mita mbili tatu kutoka kwenye spika.

Gawa priseti katika hali tatu kwenye swichi za miguu: fazi peke yake, fazi na oktava, na ya kusafika ambapo geini imeshuka hadi 2. Hii ya mwisho inachukua nafasi ya kupunguza sauti kwa nobu ya gitaa, jambo ambalo fazi nyingi za kidijitali hazilifuati vizuri. Kama una pedali ya mguu, ifunge kwenye mchanganyiko wa oktava kutoka 0 hadi 70, uifungue polepole wakati noti ndefu inalia.

Mwisho pima viwango. Oktava ikiwashwa, masikio yanadhani sauti imepanda kwa sababu masafa yamesogea juu, lakini ndani ya bendi unaweza kuwa umepotea kwa kukosa kiini cha noti. Mwombe mwenzako apige wimbo mzima huku wewe ukibadilisha hali tatu hizo, na mwingine asimame mbali asikilize. Hali ya oktava mara nyingi inahitaji desibeli 2 au 3 zaidi ya ile ya fazi peke yake. Ziongeze kwenye kiwango cha kutoka cha ampli, usiguse geini, kisha hifadhi.